Galaksi za Nyikani



Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja ambaye binti yake anasoma katika shule ya bweni huko Kitui. Mama ana lalama yake, nasi tutaifikia. Lakini ndani ya barua hiyo mna swali la binti mwenyewe, na katika safu hii swali la mtoto hutangulia. Binti anasema kwamba usiku, taa za bweni zikishazimwa, huonekana angani ule ukanda mweupe ambao sisi wa mjini Mombasa tumekwisha kuusahau, na katikati yake mna mabaka meusi. Amesikia kwamba ulimwengu una maeneo matupu, yenye galaksi chache mno. Je, ndiyo hayo?

Siyo, binti yetu. Mabaka hayo ni vumbi. Ukanda unaouona ni Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu wenyewe tukiitazama kutoka ndani, na mawingu ya vumbi yaliyomo huziba nuru ya nyota zilizo nyuma yake kama pazia zito dirishani. Penye weusi huo pamejaa, hapakupungua kitu. Utupu uliousikia uko mbali mno, nje kabisa ya galaksi yetu, wala hauonekani kwa jicho. Wataalamu waliujua kwa kuhesabu galaksi na kupima umbali wa kila moja.

Sisi tungependa kuuita nyika. Wazee wetu wa pwani waliita hivyo ile nchi kavu iliyoanza nyuma ya mashamba yao na kuendelea hadi kukaribia Ukambani, ambamo misafara ya Wakamba ilipita na pembe za ndovu kuja Mombasa. Nyika haikuwa tupu kabisa. Ilikuwa na watu, ila wachache, nao wametengana. Galaksi nazo hujikusanya kwenye nyuzi na kuta ndefu, mfano wa miji inavyofuatana katika barabara ya Mombasa ndani ya Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, hadi Sultan Hamud, mji wenye jina la Sultani wa Unguja. Baina ya nyuzi hizo ndimo zilimo nyika, ambazo huchukua sehemu kubwa ya nafasi yote ya ulimwengu, ilhali galaksi zake ni haba.

Mojawapo iliyo mashuhuri ilitangazwa mwaka 1981 na Robert Kirshner wa Marekani pamoja na wenzake. Iko upande wa kundi la nyota ambalo Waarabu waliliita al-Awwa, kaskazini ya nyota ing'aayo ya Simaku. Upana wake ni takriban miaka ya nuru milioni 300, na mwaka mmoja wa nuru ni mwendo wa kilomita trilioni 9 na nusu. Mahali ambapo zingetazamiwa galaksi kwa maelfu, zilizopatikana ni makumi tu.

Hizo chache zina tabia gani? Aghalabu ni ndogo, na rangi yake huelekea buluu. Aliyepika kwa gesi na kwa makaa anajua kuwa ulimi wa moto wa buluu ni mkali kuliko wekundu wa kaa. Na nyota ni vivyo hivyo. Nyota kubwa za buluu huwaka kwa ukali na kumalizika upesi, kwa hiyo galaksi ikionekana ya buluu hiyo ni dalili kwamba imezaa nyota si zamani sana. Galaksi zilizosongamana katika makundi makubwa hazina bahati hiyo. Nyingi zimekuwa nyekundu na uzazi wa nyota umekoma, kwa sababu gesi ya haidrojeni, ambayo ndiyo unga wa kukandia nyota, imepokonywa: majirani huvutana, na gesi ya moto iliyotanda kati yao huikumba ile ya galaksi inayopita na kuiondoa. Nyikani hakuna wa kupokonya. Ipo galaksi ndogo iitwayo KK 246, katika nyika iliyo karibu nasi, ambayo haidrojeni yake imetanda mbali kupita nyota zake.

Kisha ni za polepole. Mwaka 2023 kundi la watafiti lilieleza katika jarida la Nature kwamba galaksi za nyikani, kwa wastani, zilijijenga taratibu kuliko zile za kwenye nyuzi na za kwenye makundi. Tahadhari ni muhimu hapa: ukilinganisha galaksi mbili za uzani mmoja, tofauti hupungua, na wataalamu wangali wakijadiliana ni kiasi gani kimeletwa na upweke na kiasi gani ni udogo tu.

Na sisi? Brent Tully na Richard Fisher walionyesha mwaka 1987 kwamba Njia Nyeupe iko ukingoni mwa nyika. Hesabu za baadaye za Tully zinasema kuwa tunajitenga nayo kwa mwendo wa kilomita 260 hivi kwa sekunde. Mpwani hatashangaa sana kuambiwa kwamba nyuma ya nyumba yake pana nyika.

Sasa lalama ya mama. Anasema binti ametupwa nyikani, Waislamu shuleni ni wachache, na anachelea atakua peke yake. Ingekuwa rahisi kumpa galaksi ziwe mithali, tukamwambia kwamba mpweke huhifadhi alichonacho. Hatutafanya hivyo. Galaksi hailii usiku. Binti anahitaji watu, na kazi hiyo ni ya wazazi: kuuliza shule ni wapi wasichana husali, nani huwapatia daku wakati wa Ramadhani, na Idi ikiangukia katikati ya muhula ataipitisha na nani. Mji wa Kitui una msikiti; wajulisheni jamaa wa pale kwamba yuko. Hilo lifanywe kabla ya muhula kuanza, si baada ya barua ya kwanza ya machozi.

Muhula wa tatu ukifungwa, mkirudi kwa njia ya Mutomo na Ikutha na kulala Kibwezi, tokeni uani baada ya Isha, mbali na taa. Chagueni siku za mwisho za mwezi wa Kiislamu, mbalamwezi isije ikawaharibia, na mawingu ya vuli yakiruhusu tazameni kaskazini, katikati ya upeo na utosi. Kuna kiwingu hafifu ambacho Abdulrahman as-Sufi alikiandika mwaka 964 katika kitabu chake cha nyota. Ni galaksi ya Andromeda, jirani yetu mkubwa; nuru yake imesafiri miaka milioni 2 na nusu. Kitazameni kwa pembe ya jicho, kwani ukikikazia macho kitapotea.