MSWAKI NI SUNNA, USIFANYWE CHAMBO CHA BIASHARA

Ndugu yangu Muislamu, Mtume ﷺ alihimiza mswaki kwenye kila Swala. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Sasa niambie: ni wapi aliposema kijiti hicho kinaziba jino lililotoboka? Hakuna! Basi anayekuuzia unga wa mswaki na mafuta ya karafuu, akaviita "tiba ya Sunna ya jino bovu", anamsingizia Mtume ﷺ ili auze chupa yake. Muogope Allah, ewe muuzaji!

Mswaki ni usafi. Nyuzi zake huondoa utando wa uchafu kabla jino halijaoza. Jino likishatoboka, tundu halijizibi. Karafuu hutia ganzi tu: maumivu yanatulia, uozo unaendelea. Shavu likivimba na homa ikapanda, kimbilia kwa daktari wa meno. Mtume ﷺ huyo huyo ametuamrisha tujitibu.

La ajabu, wengi wanaozitetea chupa hizo mswaki wenyewe hawaupigi! Ishike Sunna yenyewe: piga mswaki kabla ya Swala, ncha ikichakaa ikate, utafune mpya. Usingoje jino liume.

Wallahu a'lam.