Waacheni akina Brady Walivyo
Hollywood imegeuza vichekesho vingi vya familia vya televisheni kuwa filamu, na vingi vimepoteza ladha njiani. Ninayoitetea kwa moyo wote ni The Brady Bunch Movie ya mwaka 1995. Kipindi chenyewe kilirushwa na ABC tangu 1969 hadi 1974: baba mwenye wavulana watatu kamuoa mama mwenye wasichana watatu, na Alice, mtumishi wao, anawapikia wote. Mwongozaji Betty Thomas aliwaachia mavazi, lugha na adabu zao za miaka ya sabini, kisha akawaweka katika Los Angeles ya miaka ya tisini. Majirani wanawashangaa, wao wanazidi kupendana. Hapo ndipo penye kicheko, na penye huruma pia. Kinyume chake, filamu ya Leave It to Beaver ya 1997 ilimhamishia Beaver, mvulana wa kipindi cha zamani chenye jina hilo, katika zama mpya, akawa mtoto kama mwingine yeyote. Mtazamaji aliyekaa na familia kila wiki, mwaka hata mwaka, huihesabu kuwa jamaa zake. Watayarishaji, badilisheni waigizaji, maana umri haumsubiri mtu, lakini tabia za watu wale msiziguse.