Jaketi linalomenyuka halina fundi

Jaketi la ngozi likichanika, nalishona. Zipu ikifa, naweka nyingine. Bitana ikioza, naitoa yote na kukata mpya. Lakini jaketi likianza kumenyuka mabegani, rangi ikidondoka vipande vipande na kuacha kitambaa cheupe, hakuna fundi wa kulirudisha. Anayekuambia atalipiga rangi lipone anataka kula hela yako. Hapa Njombe, baridi ya Juni na Julai ikikaza, majaketi ya namna hiyo huletwa kwangu kuliko kazi nyingine yoyote, na wengi wanaoyaleta ni vijana wa bodaboda walioambiwa kwamba wamenunua leza, yaani ngozi.

Msimamo wangu ni huu: ubora wa jaketi ni uwezo wake wa kushonwa tena miaka kumi baada ya kununuliwa. Kung'aa na ulaini wa siku ya dukani havinihusu.

Kinachomenyuka ni plastiki, poliurithani, iliyopakwa juu ya kitambaa kisha ikachapwa alama za vinyweleo ili ifanane na ngozi. Joto na unyevu wa hewa huivunja taratibu hata jaketi likiwa kabatini, ndiyo maana mtu hulitoa baada ya miaka michache akalikuta limeharibika bila kulivaa. Hilo angalau ni rahisi kulitambua. Hatari zaidi ni lile lililo kati ya plastiki na ngozi nzuri. Ngozi ya ng'ombe ni nene, kwa hiyo kiwandani hupasuliwa matabaka. La juu, lenye uso uliokuwa na manyoya, limebana na linastahimili msuguano. La chini ni nyuzi legevu. Hupakwa plastiki ile ile, likauzwa kwa lebo inayosema ni ngozi halisi. Na kweli limetoka kwa ng'ombe! Ukilichoma kwa kiberiti litanuka nywele zilizoungua. Kwa hiyo kile kipimo cha moto wanachopenda kukionyesha wauzaji sokoni hakimlindi mnunuzi hata kidogo.

Mimi naanza na ukingo. Geuza sehemu ya ndani ya mfuko, au chini ya kola, mahali ngozi ilipokatwa ikaachwa wazi. Ngozi nzuri inaonyesha nyuzinyuzi tangu juu hadi chini, bila mstari wa kuzitenganisha. Ukiona kitambaa na utando juu yake, rudisha jaketi kwenye henga. Kisha bonyeza kwa kidole gumba: uso wa asili hukunjamana mikunjo midogo inayosambaa pande zote, halafu hurudi. Ulioelemewa na rangi huzama tu. Tazama na vinyweleo. Vya asili havilingani. Mgongoni vimesongamana, tumboni vimetawanyika. Vikijirudia kwa mpangilio ule ule mwili mzima wa jaketi, vimechapwa na mashine. Na usilikimbie kovu la kupe au mkwaruzo wa mwiba. Kovu ni ushahidi kwamba uso haukupigwa msasa na kufunikwa.

Wanyama nao hawafanani. Kwa mtu wa pikipiki nashauri ng'ombe, unene wa milimita 1.2 hivi. Jaketi la mtindo lenye milimita 0.8 linazuia upepo vizuri, lakini siku ya kuanguka lami italichana papo hapo na kuifikia ngozi yako mwenyewe. Farasi pia ni imara sana. Majaketi ya marubani wa jeshi la Marekani ya A-2, yaliyoanza kutumika 1931, mengi yalikuwa ya farasi, na yapo ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ambayo bado yanavaliwa.

Chaguo langu la kila siku, hata hivyo, ni mbuzi. Ngozi yake ni nyembamba lakini nyuzi zake zimesukwa kama mkeka, haitanuki ovyo wala haipasuki kwenye mshono. Jeshi la majini la Marekani liliitumia kwa marubani wake katika jaketi la G-1. Kwa kuwa mbuzi ni mdogo, mgongo wa jaketi lake huunganishwa kwa vipande. Usidhani mshono huo ni dalili ya makapi. Kwenye ng'ombe ni tofauti: vipande vingi vidogo vidogo vina maana kwamba fundi alikuwa anamalizia mabaki.

Kondoo wa sufu ana ngozi laini mno, na watu wa ofisini huipenda. Tatizo ni mafuta yaliyo kati ya uso na tabaka la chini yake. Matabaka hayo mawili huachana. Nikiishona, kila tundu la sindano linaweza kugeuka mpasuko, kwa hiyo hulazimika kuweka kitambaa nyuma yake. Kondoo wa nywele, kama hawa wa Wamaasai na wale wa Kisomali wenye vichwa vyeusi, ngozi yao imebana zaidi. Watengeneza glavu wa Ulaya wameitafuta ngozi ya namna hiyo Ethiopia kwa miaka mingi, nasi tunaitazama ikioza nyuma ya machinjio.

Kuna na nguruwe. Utamjua kwa vinyweleo vyake, vitatu vitatu kwa pembetatu. Kwa uimara sina neno naye. Lakini mzee mmoja wa swala tano aliniletea jaketi nibadilishe zipu, nikamwonyesha vile vitundu, akaliacha mezani asirudi kulichukua. Alikuwa amelivaa msikitini muda mrefu. Aliyemuuzia hakumwambia, na pengine mwenyewe hakujua. Jambo hilo liliniuma.

Ndiyo maana naomba sheria. Brazil tangu 1965 inakataza kitu kisichotokana na ngozi ya mnyama kuuzwa kwa jina la ngozi. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 1994 kwamba kila kiatu kionyeshe kwa alama kimetengenezwa kwa nini juu, ndani na kwenye soli. Sioni kwa nini jaketi jipya linaloingia bandarini kwetu lisiwe na lebo ya Kiswahili yenye mambo matatu: mnyama gani, tabaka la juu au la chini, na kama limepakwa plastiki. Wakaguzi wa viwango tunao. Kazi hiyo haihitaji maabara kubwa. Ukingo uliokatwa unasema karibu yote.

Na wafugaji nao wasikie. Chapa ya moto ikipigwa ubavuni au mgongoni, imeharibu sehemu ambayo ingekuwa mgongo wa jaketi. Ipigwe shavuni au chini ya mguu. Machinjioni, kisu kinachotoboa ngozi kwa haraka ya mchunaji kinaiondolea thamani kabla haijatiwa chumvi. Malighafi tunayo: Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika. Hapa Njombe miwati imelimwa na kampuni tangu 1949, na magome yake hutoa dawa ya kusindikia ngozi ya mikanda, soli na matandiko ya farasi. Majaketi mengi ya leo husindikwa kwa chumvi za kromu, maana hutoa ngozi laini inayovumilia maji, na mbinu hiyo nayo si siri ya mtu. Hata hivyo ngozi zetu nyingi huondoka zikiwa ghafi au zimefika hatua ya kwanza tu, yenye rangi ya buluu, kisha tunanunua plastiki.

Mitumba haitapata lebo kamwe, kwa hiyo huko macho yako ndiyo mkaguzi. Muuzaji akikukataza kugeuza mfuko nje, tunza hela zako. Na ukijikuta kati ya jaketi jipya linalong'aa na la mtumba la mbuzi lenye bitana iliyochanika, nunua la mbuzi. Bitana ataiweka fundi yeyote mwenye cherehani.