Madawati Matupu ya Januari



Shule za msingi zimefunguliwa tena, nasi katika juma hili tumekwenda, kama ilivyo desturi yetu kila mwanzo wa muhula, kufundisha kipindi cha dini katika shule iliyo jirani na parokia yetu. Asubuhi ile ilikuwa ya kufurahisha macho. Watoto wa Darasa la Kwanza walikuwa wamesimama mstarini na sare zilizo kubwa kuliko miili yao, kwa maana mama zao wamezinunua kwa hesabu ya miaka miwili. Wengine walilia, wengine walicheka, na mwalimu wa zamu alihesabu mara tatu bila kupata jumla iliyo sawa. Darasani walibanana wanne wanne katika dawati moja, na waliokosa nafasi walikaa chini.

Kisha tukaingia Darasa la Tano. Hapo ndipo furaha yetu ilipopoa. Madawati ya mbele yalikuwa na watu, ya katikati yalikuwa na mmoja mmoja, na ya nyuma yalikuwa matupu. Tukadhani wengine wamechelewa. Mwalimu akatuambia kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Padre, hao hawajachelewa. Kuna rashi imetokea huko ng'ambo ya mto. Wakisikia imepoa, watarudi. Baadhi yao."

Wageni wa huku kwetu tuwaeleze kidogo. Katika nchi hii ya dhahabu, kuanzia Kahama na Msalala, kupita Mbogwe na Nyang'hwale, hadi Geita na Nyarugusu, mtu akiokota jiwe lenye kung'aa, habari husambaa kabla jua halijazama. Hiyo ndiyo rashi, au mfumuko, kama wengine wanavyoiita. Katika siku chache pori hugeuka mji wa maturubai: yapo maduara ya kuchimbia, yapo makarasha ya kusagia mawe, ipo mialo ya kuoshea, wapo mama ntilie na wauza maji. Kila mahali hapo pana kazi ndogo ndogo, na kazi ndogo ndogo huwaita watu wadogo. Mtoto hubeba maji, huponda mawe, huokota mabaki, na mwisho hushika zebaki kwa mkono mtupu, akiichanganya na mchanga ili ikamate dhahabu.

Jambo hili si geni wala halikufichika. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, baada ya kutembelea machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, nalo likakuta watoto wa umri wa miaka minane wakifanya kazi humo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aliyefikisha miaka saba awe shuleni na ahudhurie mpaka amalize. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Karatasi zetu, kwa kweli, ni nzuri. Madawati ndiyo matupu.

Tukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba wazazi hawaoni thamani ya elimu. Sisi tulikuwa watu wa jibu hilo, na tumelihubiri mara nyingi. Lakini juma hili, tulipopita katika jumuiya moja kuwatafuta watoto wa yale madawati ya nyuma, mama mmoja alitujibu kwa heshima yote, akiwa amepiga goti: "Baba, mwanangu akienda shule anatoka hapa alfajiri bila kitu tumboni, na anarudi saa tisa bila kitu tumboni. Akienda kwenye karasha anarudi amekula, na ana fedha ya unga wa wadogo zake. Nimkataze kwa maneno gani?" Tulisimama pale na hatukuwa na maneno. Mama huyu anaiona thamani ya elimu. Anaona pia njaa, na njaa iko karibu zaidi.

Tusisahau kwamba Januari kwetu ni mwezi mgumu. Mvua imenyesha, pamba na mahindi yanataka palizi, mpunga unataka kuhamishiwa majarubani, na ghala la mwaka jana liko ukingoni. Kengele ya muhula mpya hulia wakati ule ule nyumba inapohitaji mikono mingi na inapokuwa na chakula kidogo. Rashi ikitokea katika mwezi kama huo, haihitaji kumshawishi mtu.

Ni kweli kwamba ada haipo tena. Wazee wanakumbuka Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto aingie shule, na walimu wa UPE waliotembea kwa miguu kufundisha chini ya miembe. Wengine wanakumbuka ada ya shule ya msingi ilivyofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tena Januari 2016 michango ya lazima ilivyoondolewa, na serikali ikabeba ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Hizo ni hatua kubwa, na tunazishukuru. Lakini neno "bure" limetudanganya kidogo. Wengi wetu tulielewa kwamba elimu bure maana yake ni elimu isiyotuhusu. Tulipoacha kutoa fedha, tuliacha na kuuliza. Na ruzuku ile, hata mtu asiyejua hesabu anaona kwamba haiwezi kumpa mtoto uji kila siku ya masomo.

Kuna hoja nyingine tunayoisikia, hasa kwa wazee: kwamba kazi humfunza mtoto, na kwamba nao walichunga ng'ombe wakakua watu. Hoja hii tunaiheshimu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule iwe na shamba, na mwanafunzi asione aibu kushika jembe. Lakini tutofautishe kazi na kazi. Mtoto aliyepalilia bustani ya shule jioni anarudi nyumbani na maarifa ya kupalilia. Aliyechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu jikoni kwa mama yake anavuta mvuke unaoingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu, tena katika umri ambao ubongo wake bado unajengeka. Mikono huanza kutetemeka, kumbukumbu hupungua, na siku atakapotaka kurudi darasani, atarudi na kichwa kilichokwisha kuibiwa. Kazi ya namna hiyo haimfunzi mtoto. Inamla.

Tena wakati huu hasara ya kukosa juma moja imekuwa kubwa kuliko zamani. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na kwa sera mpya elimu ya msingi ni ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima ni miaka kumi. Mwaka 2027 ndio uliopangwa kwa wa Darasa la Sita na wa Darasa la Saba kuhitimu kwa pamoja. Mwaka mmoja umepungua. Mtoto aliyekuwa akipotea miezi miwili na kutegemea kuwafikia wenzake katika Darasa la Saba, Darasa la Saba hilo linaondoka.

Basi tufanye nini? Wapo wanaosema mzazi akamatwe atozwe faini. Sisi hatuoni kwamba faini peke yake itajaza dawati. Mama yule akitozwa faini, ataitafuta wapi fedha ya kuilipa, kama si kwenye karasha lile lile? Kama sheria itaanza na mtu, na ianze na mwenye duara na mwenye karasha, yule anayemwona mtoto wa miaka kumi akiinama mbele yake, na anamlipa kidogo kwa kuwa ni mtoto. Huyo hana njaa. Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na tangu hapo dhahabu hupimwa kwa mizani mbele ya serikali na kuandikwa hadi gramu. Ikiwa tunaweza kujua gramu ngapi zimetoka, tunaweza pia kujua mikono ya nani imezitoa.

Makampuni makubwa nayo yana wajibu, na mengine yameutimiza kwa majengo tunayoyaona. Ushuru wa huduma unalipwa kwa halmashauri zetu, na sheria inataka kila mgodi uwe na mpango wa kuihudumia jamii inayouzunguka. Tunaloomba viongozi wetu walifikirie ni hili: darasa jipya ni jema, lakini darasa lenye sufuria ya uji nyuma yake ni jema zaidi.

Hata hivyo, tusimalizie kwa kuwanyooshea wengine kidole. Lazima tuseme kosa letu. Mwaka jana, katika harambee ya ujenzi wa kanisa letu, tulipokea mifuko ya saruji kutoka kwa mtu mwenye makarasha. Tulimpigia makofi na vigelegele. Hatukumuliza ni nani wanaoponda mawe yake. Juma hili tumejua, kwa kuwa watoto watatu kati ya wale tuliowatafuta tulielekezwa kwake. Saruji ile iko ukutani tayari, na haiwezi kubanduliwa. Lakini tumekwenda kwake, tumezungumza naye faraghani kama ndugu, na tumemwambia kwamba parokia haitapokea tena toleo lake mpaka watoto watoke pale. Alikasirika. Tunamwombea, na mlango wetu uko wazi. Kristo alipomweka mtoto katikati ya wanafunzi wake, hakumweka pale ili abebe mawe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili, madogo, yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo, katika sala ya juma, iwe na daftari la watoto wake wote wa umri wa shule, wawe Wakatoliki au wasiwe, na iulize kwa jina: huyu yuko wapi? Jirani akiulizwa kwa upendo na jirani mwenzake, husema kweli ambayo hataisema mbele ya mtendaji. La pili, mavuno yajayo kila kaya yenye uwezo itoe debe moja la mahindi kwa ajili ya uji wa shule, na asiye na debe atoe siku moja ya kuni au ya kupika. Mpaka mavuno hayo yafike, ghala la parokia litafunguliwa. Halina mengi. Tumehesabu, na kwa kupima vizuri uji utafika Pasaka kwa madarasa matatu ya juu. Baada ya Pasaka itategemea ninyi.

Jumatatu ijayo tutarudi Darasa la Tano. Mama yule ametuahidi kwamba mwanawe atakuwepo siku hiyo, aone kama uji upo kweli. Hakuahidi siku ya pili. Nasi tunaona ametupa kipimo cha haki.