Kompyuta Nzito: Ni Uzee, au Diski Yakaribia Kufa?

Katika nyumba nyingi za kambini na katika kota za polisi, kompyuta ya kupakata imekwisha kuwa chombo cha jamaa nzima. Mara nyingi ilinunuliwa ikiwa tayari imetumika. Mama huandikia humo hesabu za duka lake dogo, kijana wa chuo hutayarisha humo kazi zake, na picha za mtoto aliyezaliwa baba akiwa kazini mbali zimewekwa humo, wala hazipo mahali pengine popote. Kisha chombo hicho huanza kujikokota. Huwashwa alfajiri, chai ikanywewa ikaisha, nacho bado hakijafunguka. Mwenye nyumba husema ni uzee. Watoto husema ni virusi. Na jirani anayejua mambo kwa kuyasikia hushauri kwamba kila kitu kifutwe, programu ziwekwe upya. Katika kauli hizo tatu, ya jirani ndiyo yenye hatari kubwa.

Uzito wa kompyuta ni dalili tu, kama ilivyo homa. Mwenye malaria huwa na homa, na mwenye jipu huwa na homa, lakini tabibu hawapi wote wawili dawa moja bila kupima.

Sababu za kawaida zaweza kupitiwa upesi. Kompyuta yenye memori ya gigabaiti 4 tu huelemewa ikifunguliwa kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja, ikalazimika kuitumia diski kama ghala la dharura. Matundu ya feni yakizibwa na vumbi, prosesa hupunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Ndiyo maana kompyuta inayotumiwa juu ya godoro huchoka haraka. Kuna programu zinazojiwasha bila kuitwa, kuna diski iliyojaa hadi ukingoni, na kuna virusi pia, ingawa virusi husingiziwa mengi. Uzito wa namna hiyo hutabirika: huja kazi zikiwa nyingi, nao hupungua kazi zikipungua. Diski inayokaribia kufa haina adabu hiyo. Kompyuta hukwama ghafla nusu dakika nzima, mshale usisogee, kisha ikaendelea kana kwamba hapakuwa na jambo. Faili moja hukataa kunakiliwa, hali zile zilizo kando yake zanakiliwa vizuri. Na penye utulivu wa usiku yaweza kusikika sauti ya tiki, tiki, tiki, kama saa iliyolegea.

Ili kuelewa ukaidi huo, yafaa kutazama ndani ya diski ngumu, lakini kwa macho ya akili tu, maana kuifungua ni kuiua. Ndani mna sahani zinazozunguka, katika kompyuta nyingi za kupakata mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu ya sahani huelea kichwa cha kusomea, katika nafasi ya nanomita chache, na unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Babu wa vyombo hivi, IBM 350 ya mwaka 1956, alikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, akabeba herufi milioni 5: kiasi cha picha moja tu ya simu ya leo. Wajukuu wamekuwa wadogo na wenye nguvu, na pia dhaifu wa kuangushwa.

Habari huandikwa katika vijisehemu viitwavyo sekta. Sekta nzima husomwa kwa milisekunde kumi au kumi na tano. Sekta iliyochakaa haisomeki mara moja. Na diski, kwa uaminifu wake, haikati tamaa. Hurudia, ikarudia tena, pengine kwa sekunde kadhaa, huku maombi mengine yote yakingoja. Ni kama karani wa stoo aliyeshikilia kutafuta hati moja iliyopotea, na kikosi kizima kimepanga mstari mlangoni. Mwisho, sekta hiyo ikithibitika kuwa mbovu, diski huiacha na mahali pake huweka sekta ya akiba. Kwa hiyo ugonjwa waweza kujificha miezi mingi, dalili yake ya pekee ikiwa ni huo uzito.

Upimaji wa kwanza hauhitaji fundi. Kwenye Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja huleta orodha ya kazi zinazoendelea. Humo upo ukurasa wa utendaji, na katika ukurasa huo diski. Kompyuta na iachwe kwanza robo saa baada ya kuwashwa, kwa sababu mwanzoni hata diski nzima huwa na pilikapilika nyingi. Baada ya hapo, ikiwa matumizi ya diski yamesimama kwenye asilimia 100, kiasi kinachosomwa hakifiki hata megabaiti moja kwa sekunde, na muda wa kujibu unahesabiwa kwa maelfu ya milisekunde, basi shaka ina msingi.

Upimaji wa pili ni kuiuliza diski yenyewe. Tangu miaka ya 1990 diski hutunza daftari la afya yake, liitwalo SMART. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo hulisoma kwenye Windows, na smartmontools kwenye Linux. Mistari mitatu ndiyo ya kutazamwa zaidi. Namba 05 ni hesabu ya sekta zilizokwisha kuhamishwa; C5 ni zile zinazongoja hukumu; C6 ni zile zilizoshindikana kusomeka. Katika Linux mistari hiyo huitwa 5, 197 na 198. Hesabu yake ikiwa sifuri, vizuri; ikiwa si sifuri, na juma lijalo imeongezeka, diski yaoza. Mstari wa C7 ni mwingine: huo mara nyingi hulalamikia waya au kiungio, na pengine dawa yake ni kuchomoa na kuchomeka upya.

Hata hivyo, neno «nzuri» katika daftari hilo si hati ya dhamana. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski iliyopatikana na kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa sahani ilikuwa karibu mara 39 zaidi kufa ndani ya siku 60 kuliko ile isiyo na kosa. Lakini pia waliona kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kubwa. Kwa maneno mengine, dalili ikionekana iaminiwe. Isipoonekana, mtu asilale.

Shaka ikiwapo, kazi ya kwanza ni kuokoa, na matengenezo yangoje. Vianze kunakiliwa vile visivyopatikana tena: picha za jamaa, hati za shule, karatasi za kiinua mgongo, hesabu za duka. Sinema na programu zina pa kupatikana. Kompyuta iwekwe juu ya meza imara, isihamishwe ikiwa inafanya kazi, nakala ziende kwenye diski ya nje au fleshi. Wengi hutoa mafaili kwenye C wakayaweka kwenye D, wakaridhika. Lakini katika kompyuta nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, na nyumba ikiungua vyote viwili huungua. Nakala zikishakamilika, chache zijaribiwe kufunguliwa katika kompyuta nyingine.

Amri ya chkdsk, ambayo mafundi huipenda, isitangulizwe. Ikiamriwa kukagua sahani nzima husoma kila sekta, na kwa diski mahututi hayo ni mazoezi ya kumkimbiza mgonjwa. Mjuzi atatumia ddrescue kutoka kwenye fleshi ya Linux: yenyewe huokoa kwanza maeneo mazima, hutunza ramani ya yaliyoshindikana, kisha huyarudia mwishoni. Diski inayotoa tiki mfululizo izimwe papo hapo. Kuitia katika friji, kama wanavyosema wengine, huleta unyevu juu ya sahani.

Jambo moja lawahusu askari hasa. Kompyuta ya kazi haipelekwi kwa fundi wa mtaani kwa hali yoyote. Hurudishwa ofisini, hata kama mjini kuna fundi hodari na wa bei nafuu. Ya nyumbani nayo ina nakala za vitambulisho na picha za watoto, hivyo mwenyewe na akae hapo hadi kazi iishe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa tarakimu 48 utafutwe kabla ya bisibisi kugusa chochote.

Kompyuta nyingi za zamani hupokea diski ya SSD ya inchi 2.5, isiyo na sahani wala kichwa, na mashine iliyodhaniwa kuwa kongwe huamka kama kijana. SSD nayo hufa, tena kimya bila tiki hata moja, kwa hiyo nakala zabaki kuwa wajibu. Atakayeweka programu upya akumbuke kwamba Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na watengenezaji tarehe 14 Oktoba 2025.

Diski ya zamani isitupwe jalalani. Kufuta mafaili hakuyaondoi kwa kweli, na mwenye nia mbaya aweza kuyafufua. Iandikwe tarehe, ihifadhiwe kabatini miezi michache hadi ithibitike hakuna kilichosahaulika, kisha iharibiwe. Sahani za diski nyingi za kompyuta za kupakata ni za kioo. Hivyo nyundo ipigwe diski ikiwa ndani ya gunia lililofungwa, na watoto wakiwa mbali.