Tuache Maua Mpaka Baridi Iyachukue Yenyewe



Siye makapita wa mwaka huu tunaomba nafasi kidogo kwenye ukurasa huu, si kwa kutangaza kazi wala azabu, lakini kwa kusema juu ya bustani ya maua iliyo kati ya kanisa na dortuari ya wasichana. Wengine watacheka. Wacheke tu, lakini wasome.

Tuko mwezi wa tano. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa ine, na tangu pale mbingu ni safi kila siku. Katika vitabu vya Kifaransa tulijifunza kwamba automne ni mwezi wa kumi, majani yanaanguka, kiisha baridi inaua maua. Huku Katanga ni kinyume. Mwezi wa kumi njo wakati jakaranda za Lubumbashi zinavaa rangi yao, na automne yetu, kama tunaweza kuiita hivyo, ni sasa, kati ya mvua na baridi kali ya mwezi wa sita na wa saba. Watu wa mbali wanafikiri Kongo yote ni joto na pori. Waje walale hapa mwezi wa saba na bulangeti moja! Tuko kwenye nchi ya juu: Lubumbashi yenyewe iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, na kule Kundelungu inapita 1.600. Usiku usio na mawingu wala upepo udongo unapoteza joto lote la mchana. Hewa ya baridi, sababu ni nzito, inateremka polepole sawa maji mpaka kwenye dembo. Njo maana kuna asubuhi nyasi za dembo ni nyeupe, na hata kama termometre ya ukutani inasema 3 ao 4 juu ya sufuri, chini kwenye majani umande umekwisha kuganda. Bustani yetu inaelekea dembo. Kila mwaka inaunguzwa, na kazi hiyo ni ya usiku mmoja tu. Jioni tunaacha maua, asubuhi tunakuta kitu cheusi kama sombe iliyopikwa jana.

Lakini sasa hivi, angalieni! Dahlia zinapita urefu wa wale wadogo wa mwaka wa kwanza, na zile nyekundu kichwa kimekuwa kizito mpaka zinainama. Zinia ziko za rangi zote. Kosmos zinatikisika hata kama hatusikie upepo. Saa kumi na moja jua linapita chini ya miti ya kanisa, na kwa dakika labda ishirini bustani yote ni kama imewashwa taa. Halafu kengele ya etide inalia na hakuna mtu aliyeona.

Yote haya ni wageni, mujue. Dahlia, zinia na kosmos zilitoka Mexico, sawa mahindi ya bukari yetu. Mbegu za dahlia zilifika Madrid mwaka 1789, na jina zilipewa kwa kumkumbuka Anders Dahl, mutu wa Uswidi. Wenyeji hatukosi: kwenye vilima vya shaba kunaota kamua kadogo ka zambarau, Haumaniastrum katangense, kanakopenda udongo wenye kuua majani mengine, na wataalamu walikafuata kwa kutafuta mahali wazee wetu wa zamani waliyeyusha shaba. Kale hakuna mutu anakamwangilia maji. Lakini tuendelee.

Katika mkutano wa juma lililopita kulitoka shauri la kungoa maua yote mara moja, tupande shu na lengalenga kwa refektware. Tunasema wazi: hatukatai mboga. Siye pia tunakula maharagi kila siku, na njaa ya mwanafunzi wa interna si mchezo. Ila shauri hili halikupimwa vizuri. Lengalenga haipendi baridi. Ukiipanda sasa upande wa dembo, itaungua pamoja na dahlia, na hapo tutakosa mboga na maua. Shu inavumilia, ni kweli. Lakini shu haipandwi moja kwa moja, inaanza kwenye kitalu karibu mwezi mzima. Basi mbegu ziende leo kitaluni karibu na kisima, na siku miche itakuwa tayari baridi itakuwa imekwisha kutungolea maua bure. Kwa nini maua na shu vigombanie udongo ambao havihitaji kwa wakati mmoja? Na maji ya kisima hatuombi hata ndoo moja. Yale ya kunawia mikono ya refektware yanatosha, siye wenyewe tutayabeba.

Jambo la pili ni gumu kidogo, sababu linatuhusu. Kuna sheria kwamba mwanafunzi asiingie katika bustani. Wanaingia wageni, wanapigwa picha, wanaenda. Siye makapita njo tulikuwa tunalinda sheria ile. Mwaka jana, mwezi kama huu, tulimkamata mdogo mmoja na dahlia moja mkononi. Tulimpa kazi ya kukata nyasi siku mbili. Hakujitetea. Kiisha tukasikia kwa wenzake kwamba mama yake alikuwa analala dispansari na alitaka kumpelekea. Juma lile lile baridi ilipita, ikachukua maua yote, hata yale tuliyoyalinda. Tulisimama pale asubuhi tukiangalia, na hakuna kati yetu aliyesema neno. Yule mdogo tulimwomba msamaha, lakini kwa kuchelewa, na ua halikuwako tena la kumpa.

Kwa hiyo tumekwenda kwa bwana prefe na tumeomba: mpaka baridi ije, wanafunzi waingie jumamosi kiisha kazi ya mikono, na siku ya Mungu kiisha ibada. Watembee kwenye njia, wasikanyage. Benchi mbili za darasa zilizovunjika miguu tumezitengeneza. Mwenye mgonjwa anaweza kukata ua moja, na aseme kwa kapita, si kwa kuiba. Bwana prefe amekubali kwa majaribio.

Siye wa finalisti tuko na Exetat mbele yetu, na kipwa hiki ni cha mwisho kwetu hapa. Wale wanaotufuata, baridi ikiunguza dahlia musizitupe. Mukate majani, muchimbe viazi vyake, muvikaushe kivulini na kuviweka ndani ya sanduku lenye udongo mkavu kwenye depo ya majembe. Panya wanavipenda, muweke jiwe juu ya kifuniko. Mwezi wa kumi na moja, mvua ikishika vizuri, muvipande upande wa juu, mbali kidogo na dembo. Ufunguo wa depo uko kwa mama wa jikoni.