Ubongo wa Mwanamke si Kipaza Sauti cha Bure

Leo nina neno na wale wanaosema mwanamke amezaliwa na PR kichwani.

Mnaijua hiyo stori. Iko kwa podikasti, iko kwa klipu zenye ubongo mmoja wa pinki na mwingine wa buluu. Ati ubongo wa mwanamke umeumbwa kuongea, kusoma hisia za watu na kutuliza mteja mwenye hasira. Ati wa mwanaume umeumbwa kupanga, kuhesabu na kuamua. Inasikika kama sifa. Mimi naona ni njia ya kukulipa kidogo huku wewe unasema asante.

Tuanze na hesabu. Pengine umesikia kwamba mwanamke husema maneno 20,000 kwa siku na mwanaume 7,000. Namba hizo zilivuma mwaka wa 2006 kupitia kitabu cha daktari wa Marekani, Louann Brizendine. Mwaka uliofuata, Matthias Mehl na wenzake wakachapisha utafiti wao katika jarida la Science. Waliwapa wanafunzi 396 wa Marekani na Mexico vifaa vidogo vya kurekodi, kisha wakakadiria maneno ya kila mmoja. Wanawake: 16,215 kwa siku. Wanaume: 15,669. Tofauti ndogo sana, hata watafiti wenyewe hawakuihesabu kuwa kitu. Na aliyeongea kuliko wote? Mwanaume.

Haya, ubongo wenyewe je? Mwaka wa 2015 Daphna Joel wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichapisha uchunguzi wa picha za ubongo wa watu zaidi ya 1,400. Kwa wastani, tofauti zipo, hakuna anayekataa. Lakini ukiangalia kichwa kimoja kimoja, wengi ni mchanganyiko: sehemu hii inafanana na ya wanawake wengi, ile inafanana na ya wanaume wengi, nyingine iko katikati. Ni kama githeri. Huwezi kuchota kijiko useme hapa kuna mahindi peke yake. Wapo wanasayansi waliompinga, wakasema kompyuta ikipewa picha ya ubongo inaweza kukisia ni wa mke au mume. Sawa. Lakini kukisia jinsia ya mtu si kujua kama ataandika taarifa nzuri kwa wanahabari.

Kitu ambacho ubongo unafanya kweli, na hii ndiyo sehemu tamu, ni kubadilika kwa mazoezi. Madereva wa teksi wa London hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Eleanor Maguire alionyesha mwaka wa 2000 kwamba sehemu ya ubongo inayoshughulika na ramani na kumbukumbu ilikuwa kubwa zaidi kwao upande wa nyuma. Mwaka wa 2011, yeye na Katherine Woollett wakafuatilia wanafunzi wa hiyo kazi, na mabadiliko yakaonekana kwa wale waliosoma mpaka wakafuzu. Kwa hivyo ukimwona dada anayetuliza mteja mkali kwa dakika mbili, usiseme "ni maumbile." Huyo amefanya mazoezi tangu utotoni. Alikuwa anaambiwa anyamaze, atabasamu, awakaribishe wageni, asome uso wa baba akiingia nyumbani. Hiyo ni miaka ya mafunzo, na mafunzo yana bei.

Hapo sasa ndipo pesa inaingia.

Biashara ikifunguliwa hapa Kitale, msichana ndiye anasimamishwa mlangoni siku ya ufunguzi. Ndiye anajibu matusi kwa ukurasa wa Facebook saa nne usiku. Mbolea ikipanda bei, agroveti inamweka mbele awaelezee wakulima. Lakini siku ya kikao cha kupanga hiyo bei, hakualikwa. Anatetea maamuzi ambayo hakuyafanya. Mambo yakiharibika, yeye ndiye sura. Mambo yakienda poa, bosi ndiye akili. Shuka Bungoma mjini, utakuta sinema ni ileile, waigizaji tu ndio tofauti.

Na hii si shida ya kwetu peke yetu. Mwaka wa 1986, chama cha kimataifa cha wanamawasiliano ya biashara, IABC, kilitoa ripoti iliyoita hali hii geto la mahameli. Mahameli ni kile kitambaa laini cha viti vya kifahari. Wanawake walikuwa wanajaa kwenye kazi ya PR, lakini wanabaki ngazi za kuandika na kupanga hafla, na mshahara chini ya wanaume. Unakaa pahali laini, lakini ni geto bado.

Kama unadhani mawasiliano ni mdomo mtamu tu, mkumbuke Wangari Maathai. Mwaka wa 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari akaandika barua: kwa ofisi ya Rais, kwa tume ya jiji, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, hadi kwa balozi wa Uingereza. Bungeni wakawaita wanawake wa Green Belt kundi la walioachika. Rais Moi akasema wanaopinga wana wadudu kichwani, na akashauri mama huyo awe mwanamke mwenye adabu, aheshimu wanaume na anyamaze.

Sasa cheki hii. Huyo aliyeambiwa ana wadudu kichwani alikuwa na PhD ya anatomia ya mifugo tangu 1971, na alikuwa ameongoza idara ya anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi. Vitu vilivyomo ndani ya kichwa alikuwa anavijua kuliko Bunge zima.

Na hakushinda kwa sauti laini. Alijua nani anatoa pesa za hilo jumba, akapeleka ujumbe mpaka huko. Wafadhili wa nje wakajitoa, jumba halikujengwa. Hiyo ndiyo PR: kujua nani anaamua, anaogopa nini, na umfikie kwa njia gani. Hiyo ni kazi ya kichwa.

Najua kuna dada atasema, "Lakini hiyo sifa ndiyo imenipa kazi." Naelewa, kodi hailipwi na hoja. Shida ni kwamba kitu kikiitwa kipaji cha kuzaliwa, hakuna anayekilipia. Hakuna anayemlipa mto kwa kuteremka. Mimi niliacha chuo, natengenezea biashara ndogo video, na ninachouza ni mazoezi: klipu nimezirudia mara arobaini mpaka nikajua mtu anaacha kutazama wapi. Nikiambiwa "wewe ni msichana, hii inakujia tu," hapo hapo najua bei inakaribia kushushwa.

Kwa hivyo ukipewa hiyo kazi, uliza maswali matatu kabla ya kusema ndiyo. Nitakaa kwa kikao cha maamuzi, au nitaletewa tu cha kusema? Saa za kujibu watu usiku zinalipwa? Jina langu litakuwa kwa mkakati, au sura yangu tu kwa bango?

Na wewe kijana wa kiume uliyeambiwa mambo ya kuongea na watu ni ya madem, hiyo uongo imekuibia pia. Ulitoka na maneno yako 15,669 kila siku. Anza kuyafanyia mazoezi.